Kuuzunguka Kibo kwa Njia ya Kaskazini: Kutoka Londorossi hadi Mweka

Watanzania wengi wanaoupanda Mlima Kilimanjaro hupitia Marangu, kwa siku tano au sita, mara nyingi katika misafara ya Desemba inayoadhimisha Uhuru. Marangu ni njia yenye heshima yake na ina vibanda vya kulala, lakini ratiba yake fupi humpandisha mtu upesi kuliko mwili unavyoweza kuzoea, na wengi hurudi wakiwa wamefika Kibo Hut tu, kichwa kikiwapasuka, huku wakiamini kwamba wamekosa nguvu au ushujaa. Mimi, mdogo wangu wa kiume na wenzetu wanne wa kazini tulichagua njia ndefu kuliko zote za mlima huu. Inaingilia magharibi katika geti la Londorossi, inavuka uwanda wa Shira, inauzunguka Kibo, kilele kikuu, kwa upande wa kaskazini unaotazama Kenya, inafika kileleni kutokea mashariki na kushukia kusini, Mweka. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Naandika siku kwa siku kwa sababu upande wa kaskazini hausimuliwi sana na wenyeji wa nchi hii, ilhali kwangu ndio uliobeba uzuri wa safari yote.

Siku ya kwanza: Londorossi hadi Mti Mkubwa

Getini, kazi ya kwanza ni mzani. Kila mzigo wa mpagazi hupimwa mbele ya askari wa hifadhi, na hauruhusiwi kuzidi kilo 20. Begi moja kati ya yetu lilipozidi, mkuu wa wapagazi alilifungua palepale, akatoa mfuko wa viazi, akauhamishia kwenye kapu la mwenzake, kisha mzani ukarudiwa. Wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe, walisubiri bila haraka, kila mmoja akikaza kamba zake, kwa kuwa mzigo uliofungwa vibaya humwadhibu mbebaji siku nzima.

Kiongozi wetu wa msafara ni mzee wa Marangu aliyeanza kazi mlimani akiwa mpagazi, akawa msaidizi, hatimaye akapata leseni ya uongozi. Tulipomwamkia, aliitikia marahaba, akatukagua viatu mmoja mmoja, kisha akatoa agizo ambalo angelirudia mpaka siku ya mwisho: tutembee kwa mwendo unaomwezesha mtu kuzungumza. Anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, alisema, anakwenda kasi kupita kiasi.

Gari lilitufikisha mwanzo wa njia ya Lemosho baada ya kupita mashamba ya misonobari, na kutoka hapo tukaingia katika msitu wa asili. Upande huu wa magharibi hauna unyevu mwingi kama kusini, kwa hiyo kuna mitarakwa na mipodo, na juu yake mbega walikuwa wakirukaruka, mikia yao meupe ikipepea nyuma. Kambi ya Mti Mkubwa iko ndani ya msitu huohuo, chini ya mita 3,000. Tulifika mapema, tukala, tukalala.

Siku ya pili na ya tatu: Uwanda wa Shira

Msitu haukuagi. Saa moja mtu yuko kivulini, na saa inayofuata amezungukwa na vichaka vya erika vinavyomfika mabegani, jua likimchoma na upepo ukimpoza kwa wakati mmoja. Tulipanda mgongo wa Shira hadi kimo cha mita 3,500 hivi, na mara tulipouvuka ukingo, uwanda wote ukafunguka mbele yetu, Kibo akiwa amesimama upande wa mashariki.

Shira ndiyo volkano kongwe kati ya tatu zilizoujenga Kilimanjaro. Ilizimika karibu miaka milioni mbili iliyopita, ikabomoka, kisha lava ya Kibo ikafunika sehemu kubwa ya mabaki yake. Kwa hiyo tulichokanyaga kwa siku mbili ni mlima uliokufa, uliogeuka kuwa uwanja mpana wa nyasi ngumu, mawe meusi na vijito vyembamba. Pofu hupanda mpaka huku kula majani. Sisi tuliona kinyesi na nyayo zao tu, na kiongozi akaridhika kwamba bado wanapita.

Kutoka Shira ya kwanza hadi Shira ya pili, mita 3,850 hivi, ni mwendo mwepesi ambao mtu mwenye afya angeweza kuumaliza asubuhi na kutaka kuendelea. Hapo ndipo ratiba fupi humshawishi msafiri. Mzee alituzuia: alasiri alitupandisha kilima kilicho karibu, tukakaa juu kwa muda, kisha akaturudisha kulala chini.

Siku ya nne: Lava Tower hadi Moir

Hii ndiyo siku inayofundisha mlima kuliko nyingine, na nitaieleza kwa kirefu.

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa uwiano uleule wa hewa ya Tanga au Mombasa, yaani asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao huko juu ya kilele cha Uhuru hubaki karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huleta kiasi pungufu. Mwili hujibu kwa kupumua zaidi, kwa kuharakisha mapigo ya moyo na, kadiri siku zinavyopita, kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Mabadiliko haya hayana njia ya mkato. Kijana mwenye mapafu ya mchezaji mpira anaweza kuugua na mama wa makamo akapita salama, mradi mmoja amekwenda haraka na mwingine amekwenda taratibu. Kanuni ya wapanda milima ni kupanda juu na kulala chini, na siku ya nne imepangwa kwa ajili hiyo: kufika kwenye nguzo ya lava iitwayo Lava Tower, mita 4,600 hivi, kula chakula cha mchana pale, kisha kushuka hadi Moir, mita 4,200.

Chini ya nguzo ile mdogo wangu alinyamaza. Wali na kuku vilikuwa mbele yake, naye akawa anavisogeza tu kwa kijiko. Mzee alimbana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni ya damu, akasubiri namba itulie, akaiandika daftarini, kisha akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, kichwa kinauma kwa kiasi gani, moja mpaka kumi? Usinipe jibu la kishujaa." Alijibu sita. Akaulizwa kama ametapika, kama ameenda haja ndogo tangu asubuhi, kama anaona vizuri. Akatembezwa kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Alitembea sawasawa, na hilo ndilo mzee alilotaka kuliona kuliko namba ya kifaa.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni dalili za kawaida, na mara nyingi hupungua kwa kupumzika au kushuka kidogo. Hatari iko kwa anayeanza kuyumba kama mlevi, anayechanganya maneno, au anayekohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, kwa kuwa hapo maji yanajaa kwenye ubongo au mapafuni. Dawa ya kwanza kwa mtu wa namna hiyo ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Vidonge vya asetazolamidi, ambavyo wengi huvijua kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea, lakini havimpi mtu ruhusa ya kukimbia, na ni vema kumwona daktari kabla ya kuvitumia.

Watu wengi tuliokula nao pale walielekea kusini, Barranco. Sisi tuligeukia kaskazini, na kwa muda wa nusu saa sauti zote zikatoweka nyuma yetu. Tulipofika bonde la Moir, mdogo wangu aliomba uji. Aliumaliza, akaomba mwingine.

Siku ya tano: Moir hadi Kambi ya Buffalo

Tulitoka bondeni asubuhi, tukapita karibu na Little Lent, kilima cha mita 4,375, halafu njia ikaanza kufuata ubavu wa Kibo, ikiingia kila korongo na kutoka. Upande huu wa kaskazini umekaa kisogo na pepo za mvua zinazotoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo ni mkavu, na mimea yake ni michache yenye subira. Lobelia zilisimama katika makorongo yenye unyevu. Niliinama nikaitazama moja kabla jua halijaifikia: majani ya nje yalikuwa yamejifunga juu ya kitovu chake, na katikati ya majani kulikuwa na maji yaliyoganda kwa juu tu, kigae chembamba ambacho kingevunjika kwa ukucha, huku chipukizi lililo chini yake likiwa zima. Majani hufunguka mchana na kujifunga jioni, kila siku ya maisha ya mmea huo. Jirani zake, zile senesio kubwa zenye shina kama gogo, hazidondoshi majani makavu, bali huyaacha yazunguke shina yawe koti.

Chini kabisa, upande wa kushoto, tambarare za Amboseli zilionekana zikiwa na rangi ya vumbi. Juu, upande wa kulia, ulionekana ukuta wa barafu ya kaskazini, eneo kubwa kuliko yote yaliyobaki juu ya Kibo. Kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake. Si joto peke yake linaloila: hewa ya juu imekuwa kavu, theluji mpya ni haba, na jua hupiga kuta hizo mpaka barafu inageuka mvuke bila kupitia hali ya maji. Mzee alisimama akanyoosha fimbo yake kuelekea ukingo mmoja, akasema kwamba alipokuwa mpagazi kijana weupe ule ulishuka mpaka kwenye mwamba wa chini yake. Tulitazama mwamba huo, mweusi na mtupu, na hakuna aliyeongeza neno.

Siku ya sita: Buffalo hadi Third Cave

Asubuhi tulipanda mgongo ulio juu ya kambi, tukashuka hadi kambi ya Pofu kwa chakula cha mchana, kisha tukaelekea mashariki kwa mwendo wa kushuka taratibu. Ilikuwa siku ya kutembea tu, na mwili ulianza kuifurahia. Tulikuwa kimo cha mita 4,000 tukizungumza na kucheka, wakati siku mbili kabla tungehema.

Alasiri Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, alijitokeza, amechongoka na kupasuka kila upande. Mpishi wetu, Mchaga wa Rombo, alitusimulia wakati wa chai jinsi alivyopata sura hiyo. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kuomba kaa la moto kwa Kibo, naye Kibo akampa na chakula juu yake. Mawenzi aliona neema, akauzima moto wake makusudi na kurudi tena, na tena, mpaka Kibo akachoka kufanywa mjinga, akashika mchi na kumpiga. Mpishi alisimulia huku akipepeta mchele kwenye sinia na kuchambua mawe kwa kidole kimoja, na kila alipofika kwenye pigo la mchi aliligonga sinia.

Kambi ya Third Cave, iliyo chini kidogo ya mita 4,000, hutumiwa pia na wanaopandia njia ya Rongai, kwa hiyo jioni hiyo tuliona watu wengi kwa mara ya kwanza tangu Lava Tower.

Siku ya saba: Third Cave hadi School Hut

Third Cave ndicho kituo cha mwisho chenye maji. Kutoka hapo kwenda School Hut, kiasi cha mita 4,750, na kwa usiku wote wa kupanda kilele, kila tone litakalonywewa, kupikiwa au kunawiwa lazima libebwe. Mbali na mahema, mitungi ya gesi na vyakula, wapagazi walijaza madumu ya lita 20. Maji hayapungui uzito kwa kufungwa vizuri, na dumu lisilojaa hucheza na kumyumbisha mbebaji, kwa hiyo hulijaza mpaka shingoni. Nilitembea kwa muda nyuma ya kijana mmoja aliyebeba la kwake kichwani juu ya kata ya kanga. Njia ilikuwa ya vumbi na mawe madogo, tukipanda jangwa lililo kati ya Kibo na Mawenzi, na kila baada ya hatua ishirini au thelathini alisimama, akapumua mara tatu kwa mdomo, akaendelea. Hakuwa na fimbo. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye dumu.

Tulipofika, chai ya tangawizi ilikuwa tayari. Sijawahi kunywa kikombe nikijua kwa uhakika namna ile kila lita yake imetoka wapi na imepandishwa na nani. Kuna wasafiri wanaolalamikia maji ya kunawa kuwa machache katika kambi hii, na kuna makampuni yanayopunguza idadi ya wapagazi ili bei ipendeze, halafu mizigo ya wasiokuwepo ikagawanywa kwa waliopo mara baada ya kuuacha mzani wa getini. Mtu anayenunua safari kwa bei ya chini kupita kiasi anapaswa kuuliza punguzo hilo limetoka kwa nani.

Saa kumi na moja jioni tulikula mtori, tukaingia kwenye mifuko ya kulalia tukiwa tumevaa nusu ya nguo za usiku.

Siku ya nane: Uhuru

Tulianza saa tano na nusu usiku. Mzee alitangulia, msaidizi wake akafunga mstari. Njia ya School Hut huungana na ile itokayo Kibo Hut, halafu huanza kona za kwenda na kurudi juu ya changarawe iliyoganda kwa baridi. Baridi hiyo ni msaada, kwa kuwa mchana changarawe hiyohiyo hulegea na kumrudisha mtu nyuma. Tulipumzika kwenye pango la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller mwezi Oktoba 1889. Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza, na kiongozi wetu alilitaja jina hilo kwa sauti, kwa utaratibu, kama anavyofanya kwa kila kundi.

Baada ya pango hakuna la kusimulia isipokuwa kupumua. Hatua moja, pumzi moja. Maji ya chupa yakiganda mdomoni mwa chupa. Taa za kichwani za waliotangulia zikionekana juu sana, mahali ambapo mtu angetarajia nyota. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu. Nilimuuliza kichwa kiko vipi, akainua vidole viwili.

Gilman's Point, mita 5,685, tuliikanyaga kabla ya alfajiri. Kutoka hapo njia hufuata ukingo wa kreta, na jua lilitukuta tukielekea Stella Point, likichomoza nyuma ya Mawenzi na kuipa barafu ya kusini rangi ya chungwa kwa dakika chache. Tulifika Uhuru, mita 5,895, asubuhi, sote sita.

Wajerumani walikiita kilele hiki kwa jina la Kaiser wao. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alizungumzia kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro ili umulike hata nje ya mipaka yetu, na usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge na bendera kileleni. Nimelisoma tukio hilo tangu darasa la nne. Kusimama pale, miguu ikitetemeka na pumzi ikikatika, kulinifanya nimfikirie yule Luteni na vifaa vya wakati ule, na wapagazi wa msafara wake ambao majina yao hatukufundishwa.

Hatukukaa zaidi ya robo saa. Tulirudi Stella Point, tukashuka changarawe ya kusini hadi kambi ya Barafu, mita 4,673, tukala, tukaendelea hadi kambi ya Mweka iliyo mita 3,100 hivi. Magoti yaliuma kuliko yalivyouma kupanda, na usingizi wa usiku huo ulikuwa mzito kwa sababu hewa ilikuwa nzito.

Siku ya tisa: Mweka

Msitu wa kusini ni dunia nyingine kwa aliyetoka kaskazini. Kila tawi limevaa kuvu na nyuzi za kijani, udongo unateleza, na pembeni mwa njia kulikuwa na ua dogo jekundu lenye njano, lililojikunja kama mkonga. Ni Impatiens kilimanjari, na halioti porini mahali pengine popote duniani. Wengi huamini kwamba maji ya mito ya mlima huu hutoka kwenye barafu, lakini sehemu kubwa kabisa hutoka katika mkanda huu wa msitu, unaopokea mvua nyingi na kunasa ukungu kwa majani yake, kisha kuyaachia maji taratibu kuelekea bonde la Pangani. Moto kama ule wa Oktoba 2020, ulioteketeza vichaka vya juu kwa siku kadhaa, unaathiri maji hayo moja kwa moja, ijapokuwa hauugusi weupe wa kileleni unaopigwa picha.

Getini Mweka takataka zetu zilipimwa, vyeti vikaandikwa, na malipo yakafanywa kwa utaratibu tuliokubaliana nao tangu Londorossi: orodha ikasomwa kwa sauti mbele ya wote, kila jina na kiasi chake, na kila mmoja akapokea mkononi mwake. Kijana wa dumu alinishukuru, akaniambia kwamba keshokutwa anaingia tena, safari hii Rongai.

Kwa anayetaka kuifuata njia hii, miezi mizuri ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo sana zikilinganishwa na za wageni, kwa hiyo siku zinazoongezeka humgharimu Mtanzania hasa chakula na ujira wa watu wanaomhudumia. Kundi la watu sita hugawana gari, mpishi na kiongozi, na kwa kuweka akiba kila mwezi, kidogo kidogo, sisi tuliweza.